Siku Tuliyompelekea Mama Sufuria Mbuzi wa Pole

Nimekaa na aibu hii miaka mingi, na kama si nyinyi kunibana leo na chai yenu ningekufa nayo. Kuna aibu ya kuteleza kwenye matope siku ya soko, watu wanacheka, wewe nawe unacheka, unafua nguo, yanaisha. Halafu kuna ile ambayo aliyeanguka si wewe, ni mtu mwingine, na wewe ndiwe uliyemsukuma. Yangu ni hiyo ya pili. Kwa hiyo chekeni panapochekesha, sitawakataza (hata mimi huwa nacheka peke yangu nikimkumbuka yule mbuzi), lakini tukifika mwisho mtanivumilia kidogo.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwetu Mbeere, karibu na Kiritiri, na nilikuwa nimerudi kukaa na baba baada ya mama kufariki. Baba yangu, Mzee Namu, alikuwa mtu wa mbuzi na mtama, mtu wa maneno machache tangu zamani, lakini mama alipozikwa hata hayo machache yakamwisha. Alikula, akapeleka mbuzi malishoni, akaenda kanisani Jumapili na kofia yake mkononi, lakini kucheka hakucheka. Mwaka ukaisha hivyo. Mimi nikazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaofungwa kwa kamba.

Ndipo Njiru mwenye duka akaleta televisheni. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa na betri ya gari, na mlingoti wake wa antena ulifungwa juu ya mti mrefu kiasi kwamba upepo ukivuma ilibidi mtu atoke aushike ndipo sisi wengine tuone. Jioni wazee walijaa pale na majani yao ya muguka shavuni, wakitafuna. Baba alikwenda mara ya kwanza kununua chumvi tu. Nikiwa njiani kumfuata nikasikia mtu anacheka dukani kwa kelele, kicheko cha kifuani kabisa, nikajiuliza ni nani huyo, na nilipofika mlangoni nikakuta ni baba. Nilisimama pale nje nikalia, nawaambia ukweli. Kisha nikajipangusa na leso nikaingia.

Kilichomchekesha kilikuwa kipindi cha Jumanne, Hoteli ya Majirani. Kilihusu hoteli ya chai ya mtu mmoja bahili, na mpishi wake akiitwa Mama Sufuria, mwanamke mnene mwenye mwiko mkubwa, ambaye hakuogopa mtu. Alhamisi kulikuwa na kingine, Baraza la Kata, cha chifu mmoja aliyekuwa akiahirisha kila kesi mpaka wiki ijayo. Vilikuwa vipindi viwili tofauti, vya watu tofauti, mpaka ile Alhamisi ambayo mpeleka barua wa hotelini, yule wa baiskeli waliyemwita Posta, aliingia kwa chifu na baiskeli yake ileile na kofia yake ileile.

Duka zima likapigwa na butwaa. Wengine wakasema ni ndugu wawili, wengine wakasema Njiru amegusa kitu nyuma ya mashine. Baba akanigeukia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona karibu na karabai, nikisahihisha vitabu vya darasa la tano, vilikuwa vimenijaa mpaka kichwani.

"Mwalimu," akasema (mbele ya watu aliniita hivyo, kwa fahari), "yule kijana juzi alikuwa hotelini. Leo yuko kwa chifu. Ni mtu mmoja au ni pacha?"

Sasa hapo ndipo ningesema, vava (ndivyo tunavyomwita baba kwetu), hawa ni waigizaji, wanalipwa kuigiza, kama watoto wangu wanavyoigiza siku ya wazazi. Lakini nilikuwa nimechoka, na nilitaka kumaliza vile vitabu, nikajibu bila hata kuinua kichwa:

"Ni mtu mmoja. Hoteli iko hapo tu chini ya ofisi ya chifu. Ni majirani."

Basi. Nilisema hayo tu, na yakatosha. Wazee wakaitikia, Mwalimu amesema, na ubishi ukaisha.

Msimcheke baba kabla hamjafikiri. Katika kisanduku kilekile, kabla ya kichekesho, alikuwa akiwaona mawaziri wakihutubia, na mawaziri ni watu wa kweli. Alikuwa ameona mafuriko ya kweli. Kwa nini kisanduku kiseme kweli saa moja na kidanganye saa moja na nusu? Yeye aliamini kwamba serikali imeweka mashine mahali fulani Nairobi, inawaonyesha watu wakiishi, na watu wenyewe wana vituko.

Ningeweza kumrekebisha kesho yake. Badala yake nilionja utamu wa kuwa mjuzi. Watu walianza kuniuliza njiani, nami nikajibu. Mto uko upande gani? Nyuma ya hoteli. Na shule wanayoitaja? Ng'ambo, juu ya kilima. Siku moja nilichukua kijiti nikachora chini mbele ya duka: hapa hoteli, hapa chifu, hapa posta, hapa njia ya kwenda kituo cha basi. Nilizua vyote. Lakini wenye vile vipindi, sijui ni nani aliyewatuma, wakawa kama wananisaidia, kwa sababu wiki mbili baadaye Mama Sufuria alimpiga mteja mwiko wa kichwa, na Alhamisi akaonekana analetwa kwa chifu, kwa miguu, bado amevaa aproni. Duka likanipigia makofi. Njiru alinipa soda ya bure. Niliinywa ile soda, wenzangu, tena kwa mikogo.

Baada ya hapo watu wa vipindi vile viwili wakawa wanatembeleana kama wanakijiji wowote. Chifu akija hotelini kunywa chai bila kulipa, wale wa hotelini wakienda barazani kutoa ushahidi wa uongo. Na baba alikuwa anacheka mara mbili kwa wiki. Jioni akirudi nyumbani ananisimulia upya, kana kwamba sikuwapo, na katikati ya masimulizi anasema, "Mama yenu angempenda yule mwanamke." Sasa niambieni, ningeanzia wapi?

Kisha Mama Sufuria akafa.

Ilikuwa Jumanne. Hoteli ilikuwa imefungwa, aproni yake imetundikwa msumarini, na yule bahili akaeleza kwamba mpishi wake alienda kwao mgonjwa na hakurudi. Hakuna aliyecheka dukani. Mimi mwenyewe nilishangaa, lakini nikajua tu mama wa watu ameacha kazi. Nikamtazama baba. Alikuwa amevua kofia.

Nikajipa moyo kwamba Alhamisi chifu ataendelea na vituko vyake na mambo yatasahaulika. Wapi! Alhamisi baraza zima lilisimama kimya, chifu akavua ile kofia yake ya kazi, Posta akaegemea baiskeli akilia. Baba akatikisa kichwa pole pole.

"Boma moja linaweza kusema uongo," akasema. "Lakini msiba unaoliliwa na maboma mawili ni wa kweli. Na chifu hawezi kuvua kofia kwa uongo."

Mtu wa kwetu hawezi kukaa kwako akacheka, akanywa, halafu ukafiwa asije. Na haji mikono mitupu. Siku ya kumzika mama, watu walijaa bomani mpaka wakakanyaga mihogo, wengine walitoka mbali kule Ishiara kwa miguu, na baba hajasahau jina hata la mmoja wao. Sasa yeye alikuwa amecheka na Mama Sufuria karibu miaka miwili. Alikuwa akisema mazishi yake yalipita bila sisi kwa kuwa hatukujua kwao ni wapi, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Jumapili mimi ndiye niliyesoma matangazo kanisani, kwa kuwa nilikuwa katibu, na pasta siku hiyo alikuwa amealikwa kanisa lingine. Baba alikuwa ameniandikisha la kwake. Nilisimama na karatasi yangu nikasoma mkutano wa akina mama, nikasoma usafi wa kanisa, nikafika hapo. Ningeruka mstari mmoja tu. Nikainua macho, nikamwona baba ameketi mbele, anasubiri, nikasoma: "Mzee Namu na majirani wanaomba maombi kwa ajili ya marehemu Mama Sufuria." Vijana wa sekondari huko nyuma wakaangua kicheko, akina mama wakawageukia kwa macho makali, na Mama Mbogo, mwenyekiti wa akina mama, akaomba maombi marefu ambayo hata kwa mama yangu sikumbuki kama yalifika pale. Nilisema amina. Nilisema kwa sauti.

Haikupita muda gari lenye vipaza sauti likapita sokoni Kiritiri likitangaza. Watu wa Hoteli ya Majirani na watu wa Baraza la Kata, wote pamoja, jukwaa moja, Embu mjini, Jumamosi saa nane mchana. Kila mtu alisikia tamasha. Baba alisikia kwamba wafiwa wamesogea karibu.

Ijumaa nilimkuta zizini akichagua mbuzi. Nikasema, "Vava, kuna jambo kuhusu hawa watu." Akaniambia nimshikie kamba. Alikuwa amechagua beberu mweupe, yule aliyekuwa amemweka kando kwa Krismasi, na akasema, "Watu walipokuja kumzika mama yako hawakutuletea mnyama mgonjwa." Nikashika kamba. Nikajipangia, mimi na akili zangu za ualimu, kwamba tukifika nitatangulia mlango wa nyuma, nitawaeleza waigizaji kwa siri, wampokee mzee vizuri, wachukue mbuzi, sisi twende zetu, na hakuna mtu atakayejua.

Tulikwenda wanne: baba na koti lake la mazishi, Mama Mbogo na kibuyu cha uji wa mtama, Njiru, na mimi. Na mbuzi.

Mlango wa nyuma ulikuwa na askari ambaye hakutaka kusikia habari zangu. Nikarudi mbele, nikakuta mlinzi wa mlangoni anabishana na Njiru kwamba mbuzi hana tikiti, na watu waliopanga foleni wanacheka mpaka wanashikana. Mshereheshaji akasikia kelele, akatoka, akaona mzee mrefu mwenye koti jeusi na beberu mweupe, na macho yakamng'aa. Akadhani Mungu amemletea kichekesho cha bure. Akasema, "Mzee, karibu, karibu! Huyu atakaa mbele na mbuzi wake!" Nikasema moyoni, mwambie sasa. Umati ukatusukuma ndani.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Yule bahili wa hoteli alitokea, chifu akatokea, Posta akazunguka na baiskeli, watu wakapiga mayowe, kisha mshereheshaji akachukua kipaza sauti akasema kuna mgeni rasmi kutoka Mbeere. Baba akapanda jukwaani. Mbuzi alikataa ngazi, akasukumwa na Njiru kutoka nyuma, na alipofika juu, mbele ya chifu, akaachilia haja yake. Hapo hata mimi ningecheka kama asingekuwa baba yangu aliyeshika ile kamba.

Baba akavua kofia. Akangoja watu wanyamaze, kama mtu anavyongoja barazani. Walimwona anangoja na uso ule mzito, wakacheka zaidi. Akangoja tena, wakacheka tena, walidhani ni ustadi. Mwishowe akaanza tu.

"Sisi ni watu wa Kiritiri," akasema. "Tulikuwa tunawatembelea kila Jumanne na Alhamisi. Tulisikia yule mama ametuacha. Hatukuwahi kumzika, mtusamehe, hatukujua kwenu. Mimi pia nilizika mke. Najua nyumba inavyokuwa kimya. Tumewaletea huyu, na kuna uji hapo chini. Poleni sana."

Walicheka kila sentensi. Chifu wa jukwaani alicheka akafuta machozi. Na wakati baba ameinua kamba kumkabidhi yule bahili, pazia la nyuma likafunguka, Mama Sufuria akatoka akiwa na mwiko wake, mzima kabisa, akapiga kelele, "Nani ananililia hapa na mimi sijala?"

Nilifikiri paa litaondoka. Kumbe ndiyo ilikuwa siri yao ya siku hiyo, kwamba amefufuka. Watu walisimama juu ya viti. Katikati ya kelele hizo baba alikuwa anamtazama yule mwanamke, kisha ukumbi, kisha yule mwanamke.

"Mama," akasema, na kipaza sauti kikaichukua sauti yake, "si walisema ulizikwa?"

Mshereheshaji hakutaka utamu uishe. "Mzee! Na nani alikwambia hawa watu ni wa ukweli?"

Baba hakuona ubaya wa swali. Alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la fahari yake. Akanyoosha mkono. "Mwalimu. Binti yangu. Yule pale."

Vichwa vyote vikageuka, na mimi nikainama. Nilijifanya natafuta kiatu chini ya benchi. Nilikuwa nimevaa viatu vyote viwili. Mama Mbogo akanigusa bega, akaninong'oneza, "Mwalimu, simama. Baba yako yuko peke yake." Sikusimama. Niliendelea kupapasa sakafu mpaka vidole vikajaa vumbi.

Aliyemwokoa ni yule mama. Nilimwona kupitia kati ya magoti ya watu. Aliacha kuigiza ghafla, akaweka mwiko chini, akasogea akampokea baba ile kamba kwa mikono miwili, kama mfiwa anavyopokea, akamwambia kitu mbali na kipaza sauti, kisha akamshika mkono wakatoka pamoja nyuma ya pazia. Ukumbi ukadhani ni sehemu ya mchezo, ukapiga makofi.

Tulirudi nyumbani. Kesho yake, akiwa anafungua zizi, nilimwomba msamaha. Hakugombana nami. Alisema tu, "Yule mama hanijui, lakini alikuja akasimama na mimi." Akatoa mbuzi akaenda zake.

Hakurudi tena dukani kwa Njiru. Nyumba ikawa kimya kama mwaka ule wa kwanza, na safari hii haikuwa kwa sababu ya kifo cha mtu. Mimi watoto wa shule walinibandika jina Mwalimu Sufuria, na nililistahili, ningestahili hata lingine baya zaidi. Lakini kilichoniuma kuliko jina hilo ni kwamba baba hakuniita Mwalimu tena. Aliniita Igoki, jina langu la kuzaliwa. Jambo likimtatiza, barua ya mnada au dawa ya mbuzi, alienda kumuuliza Mama Mbogo, ambaye hakumaliza darasa la nne.

Miaka ikaenda. Akaugua tumbo, akalazwa, na siku moja daktari akaniita kando akaniambia mambo yalivyo. Nikarudi kwenye kitanda chake nimejitengenezea uso mzuri.

"Amesema nini?" baba akauliza. "Na usinichoree chini."

Nilihisi macho yangu yanakwenda kwenye viatu. Nikayainua kwa nguvu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Vava, amesema hutapona. Amesema ni miezi michache." Niliyasema yote.

Akageukia dirisha. Kisha akaniuliza, "Na yule Posta. Alikuwa mtu mmoja au pacha?"

Nikaketi kando yake. "Alikuwa mtu mmoja, vava. Ni mwigizaji. Walimlipa avae ile kofia hotelini, halafu wenye kipindi kile kingine wakamwazima, wakamlipa avae kwa chifu. Hakukuwa na hoteli. Hakukuwa na mto."

"Walimwazima," akasema. "Kama beberu wa jirani." Na akacheka, kile kicheko cha kifuani, mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. "Haya, Mwalimu," akaniambia. "Nipe uji."

Jibu lenyewe halikuchukua hata dakika moja. Siku hizi mtu akiniuliza kitu, awe mzee, awe mtoto wa darasa la kwanza, hata kama vitabu vya kusahihisha vimenifika kichwani, huwa naweka kalamu chini kwanza.